Kiburi na Unyenyekevu mbele ya Mungu: Kutoka Pate hadi Butiama

Lugha yenyewe hutuanzishia mjadala huu. Neno kiburi limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukubwa. Mtu husemwa kuwa ana kiburi, na sentensi ikatimia. Unyenyekevu umezaliwa na kitenzi kunyenyekea, ambacho aghalabu hudai yambwa: mtu humnyenyekea nani? Kwa hiyo kiburi mtu aweza kuwa nacho peke yake, ilhali unyenyekevu hauna maana pasipo aliye mkubwa kuliko yeye. Fasihi ya Kiswahili imelijibu swali hilo kwa njia nyingi. Hapa tutazitazama mbili, moja ya pwani na moja ya bara.

Ya kwanza ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate ilikuwa imekwisha kupoteza fahari yake. Mshairi anayataja majumba ya matajiri, taa zake na vyombo vya kauri vilivyopamba kuta. Kisha anaonyesha popo na ndege wakiyamiliki magofu, na wenye nyumba wakiwa makaburini. La kuzingatia ni kwamba hawahubirii majirani. Anauonya moyo wake mwenyewe, kwani ni rahisi mno kukiona kiburi cha aliyekwisha kufa.

Ya pili imetoka Butiama, si mbali na Mugeta ya wilaya ya Bunda, katika mkoa ambao wazee wengi walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama. Mwalimu Julius Nyerere, aliyelelewa katika Kizanaki, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo mtawala anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyohama. Punde si punde anauawa. Mfasiri naye alikuwa Rais. Alistaafu urais mwaka 1985, na mwaka 1996 zikachapishwa tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume. Mkristo huyo wa bara aliiweka imani yake katika umbo la utenzi, lile lile ambalo Waislamu wa pwani walilitumia kusimulia habari za Mtume Muhammad.

Hata hivyo, tusiuchanganye unyenyekevu na unyonge. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuhesabu unyonge kuwa chanzo cha kuonewa. Amnyenyekeaye Mungu halazimiki kumsujudia binadamu mwenziwe, wala hana ruhusa ya kumsujudisha. Kipimo hiki kinamhusu hata Mwalimu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali yake iliwahamishia mamilioni ya watu katika vijiji, wengi wao kwa nguvu, na mkoa wake wa Mara haukusazwa. Nia ilikuwa njema. Lakini aliyeamini kuwa anajua lililo jema kwa jirani hakuona haja ya kumwuliza. Hicho nacho ni kiburi, tena kigumu kutambulika, kwa sababu hufanana na huruma.

Hatuna budi, basi, kuyasoma maandishi haya kama yule mshairi wa Pate alivyoandika: kila msomaji auulize kwanza moyo wake, na mwenye madaraka auulize kabla hajatoa amri.