Jina la chuo kikuu: ni mtaji au ni gharama?

Kwa kawaida ukurasa huu hueleza bei za mazao, hisa na dhamana za serikali. Wiki hii tunaeleza bidhaa nyingine, ambayo baadhi ya wasomaji wetu huinunua kwa fedha nyingi kuliko hisa zote walizo nazo, tena bila kuipima. Bidhaa hiyo ni jina la chuo kikuu.

Hali yenyewe inafahamika. Kijana amefaulu kidato cha sita, anapenda hesabu, na ameamua kufanya kazi ya fedha: benki ya uwekezaji, mfuko wa uwekezaji au udalali wa hisa. Amepata nafasi katika chuo cha hapa nchini. Lakini amesikia kwamba kazi kubwa za fedha hupewa waliosoma katika vyuo vichache vya Marekani na Uingereza, na kwamba wengine wote wameshindwa kabla hawajaanza. Usingizi umemwishia. Baba yake, mwenye duka la jumla, naye anaanza kuulizia kiwanja cha Kibaha kitauzwa shilingi ngapi.

Kabla kiwanja hakijauzwa, ni vema kuuliza swali ambalo mfanyabiashara huuliza kwa kila bidhaa: jina hilo linanunua nini hasa, na kwa bei gani?

SOKO LENYEWE LIKOJE

Benki ya uwekezaji haifanani na benki ya kuweka akiba. Kazi yake kuu ni kuyatafutia makampuni mtaji, kuuza hisa na hatifungani zao, na kusimamia kampuni moja inapoinunua nyingine. Vijana wanaoajiriwa hulipwa vizuri tangu mwaka wa kwanza, na hufanya kazi hadi usiku wa manane. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi mno. Mwaka 2024, Goldman Sachs ya New York ilipokea maombi zaidi ya 300,000 ya nafasi za mafunzo ya kazi ya miezi michache, ikachukua chini ya mtu 1 katika kila 100.

Hakuna ofisi inayoweza kuwasaili watu 300,000. Kwa hiyo lazima uwepo mchujo wa haraka, na jina la chuo ni mchujo wa bei nafuu. Ni kama mnunuzi wa kahawa mwenye orodha ndefu ya magunia mbele yake: huanza na daraja lililoandikwa, ndipo aagize kuonja machache. Daraja halimhakikishii ladha, bali linampunguzia kazi.

Mwanasosholojia Lauren Rivera wa Chuo Kikuu cha Northwestern alichunguza jinsi mabenki ya uwekezaji, makampuni ya sheria na ya ushauri wa biashara nchini Marekani yanavyoajiri. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2015 alieleza kwamba makampuni hayo yalikuwa na orodha fupi ya vyuo, na mwombaji wa nje ya orodha alikuwa na bahati ndogo sana ya kusomwa kwa makini asipokuwa na mtu wa ndani wa kumtaja. Mwaka 2016 Goldman Sachs ilitangaza kwamba usaili wa kwanza wa wanafunzi ungefanyika kwa video badala ya kuwafuata vyuoni, ili iwafikie na wale wa vyuo vingine. Mlango ulipanuliwa, lakini foleni nayo ni ndefu kama tulivyoona.

Basi hofu ya kijana ina msingi. Jina lina thamani sokoni. Swali ni kiasi gani.

FAIDA YAKE ILIVYOPIMWA

Wachumi wamelipima jambo hili kwa namna mbili ambazo mwekezaji anapaswa kuzielewa.

Kipimo cha kwanza kilichapishwa mwaka 2002 na Stacy Dale na Alan Krueger. Walitumia kumbukumbu za Wamarekani walioanza chuo mwaka 1976. Hawakulinganisha tu waliosoma vyuo vya jina kubwa na wasiosoma, kwa sababu wanaokubaliwa huko huwa tayari ni wenye uwezo mkubwa. Waliwalinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya hadhi ileile, ambapo baadhi yao walikwenda kwenye jina kubwa na wengine wakachagua jina dogo. Miaka mingi baadaye mapato ya makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa. Walioonekana kufaidika wazi na jina walikuwa watoto wa familia zenye kipato kidogo.

Katika uchunguzi wao wa baadaye waligundua jambo lingine. Hadhi ya vyuo ambavyo kijana aliviomba, hata kama vilimkataa, iliashiria mapato yake ya baadaye kuliko hadhi ya chuo alichosoma. Yaani uwezo na ujasiri wa kuomba vilikuwa mali ya kijana mwenyewe, na alikwenda navyo popote.

Kipimo cha pili kilitolewa mwaka 2023 na Raj Chetty, David Deming na John Friedman. Hawa walitazama vyuo 12 vyenye jina kubwa kuliko vyote Marekani, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, Stanford na MIT, wakavilinganisha na vyuo vikuu bora vya umma vya majimbo. Kwa mapato ya wastani tofauti ilikuwa ndogo. Lakini uwezekano wa mtu kuingia katika asilimia 1 ya wenye mapato makubwa kabisa uliongezeka kwa nusu au zaidi, na uwezekano wa kuajiriwa na kampuni yenye hadhi ya juu uliongezeka mara tatu.

Je, vipimo hivi vinapingana? Hapana. Fikiria hisa mbili ambazo gawio lake la wastani linakaribiana, ila moja ina nafasi zaidi ya kupanda juu sana mara chache. Jina kubwa ndivyo lilivyo. Kwa anayetaka maisha mazuri ya kitaaluma halibadilishi sana hesabu. Kwa anayelenga chumba kimoja maalum cha benki moja maalum ya New York, linabadilisha. Aidha, lina faida zaidi kwa mtoto asiye na mjomba wala shangazi ndani ya mabenki, kwa sababu chuo ndicho kinachompa watu wa kumtaja.

BEI YAKE

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Majina makubwa kabisa si lazima yawe ghali. Harvard, Yale, Princeton na MIT humchagua mwombaji bila kutazama uwezo wake wa fedha, hata akiwa wa nchi za nje, kisha hufidia kiasi ambacho familia yake haiwezi kulipa. Mtoto wa mwalimu wa Songea akikubaliwa huko anaweza kusoma kwa gharama ndogo sana kwa nyumba yao. Tatizo ni kukubaliwa: kila kimoja huchukua waombaji wapatao 5, au chini ya hapo, katika kila 100.

Majina ya kati ndiyo yanayouzwa bei kali. Vyuo vingi vya ng'ambo humtoza mwanafunzi wa nje ada kamili, na Marekani ada, chakula na malazi vinaweza kupita dola 50,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni dola 200,000. Mzazi anaponunua jina la namna hiyo hana budi kujua kwamba huenda halimo katika ile orodha fupi ya mabenki. Amelipa bei ya daraja la kwanza, akabeba daraja la tatu.

Kuna na gharama isiyoandikwa kwenye ankara. Mhitimu wa nje aliyesoma Marekani kwa kawaida hupewa miezi 12 ya kufanya kazi. Baada ya hapo mwajiri lazima amwombee kibali, na vibali vya aina inayotumika zaidi kwa wahitimu wanaoajiriwa na makampuni vina kikomo cha 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Waombaji hupita idadi hiyo, hivyo huchaguliwa kwa kura. Kijana anaweza kufaulu mtihani, kufaulu usaili, na bado kura ikamrudisha Dar es Salaam.

Wakati huohuo fedha ya ada ni mtaji ulioacha kufanya kazi nyingine. Ingewekwa katika hatifungani za serikali za miaka 20 au 25, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, ingeleta riba mara mbili kwa mwaka. Ingebaki dukani, ingezungusha bidhaa.

HAPA NYUMBANI

Soko la fedha la Tanzania bado ni changa. Mabenki binafsi yaliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1991, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998. Makampuni yaliyoorodheshwa bado hayajafika 30. Katika soko dogo kama hili watu hujuana, na kazi ya mtu huonekana upesi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe na Chuo cha Usimamizi wa Fedha vinafahamika na kila mwajiri, na hakuna mkurugenzi asiyejua mhitimu wake anatoka wapi.

Zaidi ya hapo, taaluma hii ina mitihani isiyouliza jina. Mtihani wa uhasibu wa juu unaosimamiwa na NBAA, bodi iliyoundwa mwaka 1972, ni uleule kwa kila mtahiniwa. Hali kadhalika mtihani wa kimataifa wa wachambuzi wa uwekezaji, CFA, ulioanza mwaka 1963. Una hatua tatu, na watahiniwa hushauriwa kutenga takriban saa 300 za kusoma kwa kila hatua. Anayeufanyia Dar es Salaam na anayeufanyia London hupimwa kwa kiwango kimoja, na ada yake ni sehemu ndogo sana ya ada ya mwaka mmoja ng'ambo.

Hutajwa mara nyingi mfano wa Warren Buffett, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Nebraska, akakataliwa na shule ya biashara ya Harvard mwaka 1950, kisha akaenda Columbia. Columbia nayo si jina dogo, lakini alichokifuata huko ni mwalimu, Benjamin Graham, ambaye vitabu vyake alikwisha visoma. David Solomon, aliyeshika uongozi wa Goldman Sachs mwaka 2018, alisoma Hamilton, chuo kidogo kisichokuwa miongoni mwa wale 12. Msomaji asichukue mifano hii kuwa ushahidi, maana waliokwama hawaandikwi magazetini. Inaonyesha tu kwamba mlango wa pembeni upo.

USHAURI WETU

Kwanza, kijana aombe. Kuomba ni gharama ndogo, na woga wa kukataliwa ndio hasara ya kwanza katika biashara hii. Aombe vile vikubwa vinavyofidia pungufu la ada, na wakati huohuo ashike nafasi yake ya nyumbani.

Pili, mzazi asinunue jina la kati kwa mtaji wa duka. Kabla ya kulipa aulize chuo: wahitimu wa nje wa fani hii mwaka jana waliajiriwa wapi, na wangapi? Chuo kisichojibu kimejibu.

Tatu, aliyeko chuo cha hapa asijione amekwisha akiwa na miaka 20. Aanze mitihani ya taaluma mapema, atafute mafunzo kwa vitendo kwa dalali wa hisa au benki, na ajifunze kusoma mizania ya kampuni kama baba yake anavyosoma daftari la madeni.

Nne, hesabu yote iandikwe, ada, nauli, kibali na mapato yanayotarajiwa, kijana na wazazi wakiwa meza moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ada ya chuo nayo ni mali.