Umeme wa Nyumba ya Kupanga Ugawiwe kwa Kipimo

Umeme tunaoutumia Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na ndugu zetu wa Pemba wanaupata kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Thamani yake hatuhitaji kufundishwa na mtu. Tulikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009. Ni ajabu basi kwamba umeme uliovuka bahari kwa kipimo, ukishafika ukumbini mwa nyumba ya kupanga, hugawiwa kwa kukisia.

Nyumba nyingi za Ng'ambo zina mita moja na wapangaji wanne, watano au sita. Siku hizi umeme hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa hiyo ugomvi hausubiri tena mwisho wa mwezi. Huzuka usiku, taa zinapozimika, na kila mmoja akabaki ndani ya chumba chake akisubiri mwenziwe atangulie kutoa fedha. Desturi iliyozoeleka ni kuchanga sawa kwa kila chumba, na wako wanaoiita desturi hiyo usawa.

Hebu tuipime. Tuseme nyumba ina wapangaji wanne. Wa kwanza ni mzee mwenye taa moja ya wati 9 na simu ya kuchaji. Kwa mwezi hazidi uniti 2. Wa pili na wa tatu wana taa, feni na televisheni. Kila mmoja anatumia uniti 31 hivi. Wa nne ana vitu hivyo hivyo, na juu yake friza la kugandishia barafu za kuuza, linalokula uniti 3 kwa siku. Jumla yake ni 121. Nyumba nzima imetumia uniti 185. Wakichanga sawa, kila mmoja analipia uniti 46 na robo. Mzee amelipia zaidi ya mara ishirini ya alichotumia, na bado ataambiwa kuwa ametendewa haki.

Hatusemi mwenye friza afukuzwe. Mara nyingi ni mama anayesomesha watoto kwa barafu hizo, na mwezi wa Ramadhani mtaa mzima humpigia hodi kabla ya futari. Lakini biashara yake ina gharama, na gharama ya biashara huingizwa katika bei ya bidhaa, haitwikwi jirani.

Wengine hupendekeza kugawa kwa vichwa. Hilo nalo hatulikubali, kwani feni moja hutumia umeme ule ule iwe inampepea mtu mmoja au watoto sita. Sokoni hakuna anayekubali kupimiwa unga kwa kuhesabiwa watu wa nyumbani kwake. Pishi ni pishi. Kwa vichwa igawiwe pampu ya maji tu, kwa sababu maji ndiyo yanayofuata watu.

Njia iliyo safi ni kila chumba kufungiwa mita yake ndogo na fundi anayejua kazi. Tofauti kati ya mita kubwa na jumla ya zile ndogo ndiyo taa ya ukumbi na pampu. Pasipo mita ndogo, wapangaji wakae pamoja wahesabu vyombo: wati zilizoandikwa nyuma ya chombo zizidishwe kwa saa za kutumika, kisha zigawiwe kwa 1,000, na hizo ndizo uniti. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu uniti. Friza lisihesabiwe saa 24, maana mashine yake huwaka na kujizima yenyewe. Kufanya hivyo ni kumdhulumu mwenyewe.

Sasa tuwageukie wenye nyumba. Wamo wanaokusanya kwa wapangaji fedha nyingi kuliko zilizonunua umeme, wakijiongezea kodi kwa mlango wa nyuma. Huo ni unyonyaji, hata kama mwenye nyumba huyo ni mtu wa kuheshimiwa mtaani. Risiti ya ununuzi ionyeshwe, na kinachodaiwa kiwe kile kilichoandikwa humo.

Masheha, ambao ndio wanaogongewa milango usiku kwa magomvi haya, wana uwezo wa kuyapunguza. Wanaposhuhudia mkataba wa kupanga, wasitie saini mpaka waone sentensi inayosema umeme utagawiwa vipi na nani atanunua unapokwisha. Mita ndogo nazo zisomwe siku ya kodi, mbele ya wapangaji wote, na namba ziandikwe katika daftari linalokaa ukumbini, si chumbani mwa mtu.