Tegi ikilowa, mlinzi hukatwa mshahara

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

Ndugu zetu wengi hapa Uingereza wanafanya kazi za ulinzi wa usiku, na tegi ya NFC wanaijua hata kama jina hawalijui. Ni kile kidude kinachobandikwa ukutani au getini, ambacho mlinzi aliye doria hukisogezea simu ili ofisi ijue kuwa amepita pale na saa ngapi.

Mimi mwenyewe, kabla kalamu haijaanza tena kunilisha, nililinda ghala moja karibu na bandari. Tegi ya geti la nyuma ilikuwa ya karatasi, tena imebandikwa wazi kwenye mvua. Ilipokufa, ripoti ikaonyesha kuwa sikufika. Nikakatwa malipo ya saa mbili, na huku nimelowa chapachapa kwa kwenda huko huko.

Wapo wanaodhani maji huzuia mawimbi yake. NFC hutumia megahezi 13.56, na maji hayaisumbui kama yanavyozisumbua tegi za UHF zinazosomwa kwa mbali. Kinachoiua ni maji kupenya ndani yakaila antena. Gundi nayo huachia. Maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi.

Kwa hiyo mnunuzi asiridhike na maneno ya dukani kwamba "haipitishi maji". Aulize alama ya IP. IP67 maana yake inavumilia kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. IP68 inazidi hapo, ila kina na muda hutajwa na mtengenezaji, basi karatasi yake isomwe. Zote mbili haziahidi kuhimili pampu ya maji moto. Kwa machinjio au kiwanda cha samaki itafutwe IP69K.

Kosa linalowaponza wengi ni chuma. Tegi ya kawaida ikiwekwa juu ya geti la chuma haisomeki, hata iwe kavu, nao husingizia mvua. Hapo inatakiwa yenye tabaka la feraiti nyuma, tena ifungwe kwa skrubu. Fedha ziende kwenye ganda, si kwenye chipu kubwa: NTAG213 yenye baiti 144 inatosha, kwani kinachohifadhiwa ni namba tu.

Kabla ya kununua mia, loweka tatu kwenye ndoo usiku kucha, kisha uzisome kwa simu kuukuu kuliko zote kazini.

Na wewe mlinzi, tegi ikigoma, piga picha ya geti hapo hapo na umtumie msimamizi kabla hujaondoka. Mimi sikupiga.