Datsun 240Z na Porsche 911: Lipi Bora Kuliko Lingine?

Katika somo la insha ya ulinganishi hapa Kinanira, tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili magari mawili ya mbio: Porsche 911 ya Wajerumani na Datsun 240Z ya Wajapani. Insha nyingi zilianza na kuishia kwa sentensi ile ile, yaani "Porsche ni bora kuliko Datsun." Tukauliza: bora kwa kipimo gani? Darasa likanyamaza.

Neno "kuliko" hudai kipimo. Lisipopewa, mwandishi husifu jina tu. Basi tuyatazame magari yenyewe.

Porsche 911 ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963 kwa jina la 901. Kampuni ya Peugeot ilidai haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, ndipo sifuri ikageuzwa kuwa moja. (Wenzetu wa somo la isimu watafurahi: hata tarakimu ina mwenyewe.) Injini yake ya silinda sita imekaa nyuma kabisa na enzi hizo ilipozwa kwa hewa. Kwa hiyo hapakuwa na rejeta ya kutobolewa na mawe, na uzito wa injini huyakandamiza magurudumu ya nyuma yashike matope. Ila kwenye kona, uzito huo huo huweza kulivuta gari likageuka mkia mbele.

Datsun 240Z, iliyotoka mwaka 1969, ina silinda sita pia, lakini zimepangwa mstari mmoja chini ya boneti ndefu ya mbele, na hupozwa kwa maji. Ni injini ya kawaida ambayo fundi yeyote wa Buyenzi angeielewa bila kuuliza. Marekani iliuzwa kwa takriban dola 3,500, chini sana ya bei ya Porsche.

Sasa tuchukue kipimo kimoja: mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka huo wa pili Mehta alifungana alama na Harry Källström, naye akiwa katika Datsun ya aina nyingine! Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978. Ya kwanza, hata mara moja haikuipata.

Kwa kipimo hicho sentensi ya wanafunzi wetu inageuka kichwa chini. Sisi tunakiri kwamba tunaipenda zaidi Datsun, lakini kupenda si hoja, na alama hatukuzitoa kwa mapenzi.

Mwanafunzi mmoja alitujibu vizuri. Alisema Björn Waldegård, yule wa nafasi ya pili mwaka 1974, alirudi mwaka 2011 na Porsche 911 akashinda mashindano ya Safari ya magari ya kale, akiwa amepita miaka 65. Ni kweli. Tukamwuliza kama hayo ni mashindano yale yale. Akafikiri kidogo, akaomba insha yake, akaongeza neno "baadaye" katika sentensi ya kwanza. Tulimpa alama ya juu kuliko wote.