Miguu Inapowaka Moto: Maumivu ya Neva kwa Mwenye Kisukari

Wagonjwa wengi wa kisukari hulalamika kwamba usiku nyayo zao huwaka moto, na hata shuka likiwagusa huwaumiza. Ndugu wakiitazama miguu hiyo hawaoni jeraha wala uvimbe, na wapo wanaodhani mgonjwa anadeka au amerogwa. Ukweli ni kwamba maumivu hayo hutoka katika neva, yaani mishipa ya fahamu. Sukari inapokaa juu kwa miaka, huziharibu neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva zilizo ndefu kuliko zote ndizo zinazofika vidoleni mwa miguu. Kwa hiyo madhara huanzia huko, kisha hupanda taratibu.

Hii ndiyo sababu diklofenaki na ibuprofeni hazifui dafu. Dawa hizo hutuliza maumivu ya jeraha na uvimbe, ilhali neva iliyoharibika hutoa ishara ya maumivu pasipo jeraha lolote. Mgonjwa anayezimeza kila usiku hapati nafuu ya maana, bali huzihatarisha figo ambazo tayari zinaelemewa na kisukari.

Dawa zinazofaa ni amitriptilini, duloksetini, pregabalini na gabapentini. Mbili za kwanza hujulikana zaidi kwa kutibu sonona, na mbili za mwisho kwa kutibu kifafa. Mgonjwa asipoelezwa hilo mapema, huisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, akadhani amepewa dawa isiyo yake, akaiacha. Amitriptilini, ambayo ni ya bei nafuu, huanzishwa kwa miligramu 10 hadi 25 usiku, kisha huongezwa kidogo kidogo. Huleta usingizi, ukavu wa mdomo na kufunga choo, na yahitaji tahadhari kubwa kwa wazee, wenye maradhi ya moyo, tezi dume au presha ya macho. Pregabalini na gabapentini hupunguzwa dozi figo zikiwa dhaifu.

Utafiti wa OPTION-DM, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia wagonjwa 130 walioanzishiwa amitriptilini, duloksetini au pregabalini, na kuongezewa dawa ya pili pale ya kwanza iliposhindwa kutosheleza. Njia zote zililingana: kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yalishuka kutoka wastani wa 6.6 hadi 3.3. Hivyo, kushindwa kwa dawa moja si mwisho wa tiba. Vilevile, mgonjwa aambiwe tangu mwanzo kwamba lengo ni kupunguza maumivu hadi aweze kulala na kufanya kazi, na kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa.

Mhudumu asiharakie kukilaumu kisukari pekee. Metformini ikitumika kwa miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, pamoja na pombe, nazo huharibu neva. Sababu hizo zina tiba yake.

Hatari kubwa zaidi huja kimya kimya. Dawa hutuliza maumivu, lakini haziponyi neva. Na maumivu yakitoweka yenyewe, huenda neva zimekufa ganzi. Mguu usiohisi huunguzwa na maji ya moto, huchomwa na msumari, na mwenyewe asijue. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari walioumwa miguuni na panya wakiwa usingizini. Vidonda vya namna hiyo vikichelewa kutibiwa, huishia katika kukatwa mguu.

Kupima ganzi hakuhitaji mashine. Mgonjwa afumbe macho, kisha mhudumu aguse kwa wepesi ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu, kwa sekunde moja au mbili, bila kukandamiza. Asipohisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, mguu huo umo hatarini.

Nyumbani, mgonjwa akague nyayo kila siku, akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, asitembee peku, na apime joto la maji kwa kiwiko. Sukari idhibitiwe kwa utaratibu, kwani ikishushwa ghafla mno baada ya kukaa juu muda mrefu, maumivu yaweza kuzidi kwa muda. Hilo likitokea, asiache insulini, arudi kliniki. Na kidonda chochote cha mguu, hata kisichouma, kionwe na mhudumu siku hiyo hiyo.