Kahawa Baridi ya Kusaga: Somo la Vitenzi Jikoni

Wanafunzi wetu wanaotoka Busia na Tororo wanalijua joto la mchana la huko. Wanajua pia kuwa kahawa ya arabika hulimwa kaskazini mwao, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hata hivyo, wengi wetu nyumbani hunywa chai, na kahawa hudhaniwa kuwa ni kinywaji cha moto tu. Tujaribu ya baridi, na papo hapo turudie somo la sarufi.

Kwanza msamiati. Mti ni mbuni, punje zake ni buni, na kahawa ni unga au kinywaji. Msemaji wa Kiganda hatapata taabu, kwani naye hutenganisha emmwanyi na kaawa.

Mahitaji (watu wawili): kahawa iliyosagwa vijiko 6 vya chakula, maji vikombe 2, sukari vijiko 2, maziwa yaliyochemshwa kikombe 1.

1. Chemsha maji. Yakishachemka, tia kahawa, funika kwa dakika 5, kisha chuja.
2. Tia sukari kahawa ikiwa bado moto. Katika kahawa baridi huyeyuka kwa shida.
3. Poza. Gandisha nusu katika trei ya barafu usiku kucha. Nusu iliyobaki na maziwa viweke katika friji.
4. Tia vyote katika blenda, usage mpaka viwe laini.

Barafu ya kahawa hushinda ya maji kwa kuwa ikiyeyuka haipunguzi ladha. Asiye na blenda aifunge barafu katika kitambaa safi, aiponde kwa mchi, kisha atikise vyote katika chupa yenye kifuniko.

Sasa sarufi. Maji huchemka, mpishi huyachemsha. Kahawa hupoa, mpishi huipoza. Huganda, naye huigandisha. Kitenzi cha kwanza hutaja hali. Cha pili, cha kauli ya kutendesha, humtaja anayeisababisha.

Hili si la mtihani tu. Kupasha moto si kuchemsha, wala kugandisha si kuua vijidudu. Barafu ya maji yasiyochemshwa yaweza kukulaza kitandani. Kwa hiyo ukinunua barafu, upande wowote wa mpaka, usiulize kama maji yalipata moto. Uliza: "Maji yalichemka?"

Zoezi: Tunga sentensi mbili mbili kwa vitenzi kauka, lainika na jaa, ya pili ikiwa katika kauli ya kutendesha.