Homoni na Cheo: Nani Humtuma Mwenzake?

Ni jambo la kawaida kuwasikia watu wazima, wanapomwona kijana mkali wa maneno na mwepesi wa ngumi, wakisema kuwa damu inamchemka, na siku hizi wasomi wameongeza juu ya kauli hiyo ya kale jina jipya, wakasema kuwa ni homoni zinazomsukuma. Kauli zote mbili zina sehemu yake ya ukweli, wala si insafu kuzidharau. Walakini zote mbili hueleza nusu tu ya habari, nayo ni ile nusu inayomfanya kiumbe kuwa mtumwa wa maji yanayopita katika mishipa yake. Nusu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ina ajabu kubwa zaidi na yastahili kujulikana na kila mlezi, kila mwalimu na kila kadhi, ni kwamba damu nayo hupokea amri: cheo cha kiumbe mbele ya wenziwe, amani au dhuluma anayoishi ndani yake, na kazi aifanyayo kila siku, hupanda mpaka ubongoni, na kutoka ubongoni hushuka tena na kuigeuza damu.

Nusu ya kwanza ilipata ithibati mwaka 1849 katika mji wa Göttingen, Ujerumani, pale tabibu Arnold Adolph Berthold alipochukua majogoo sita wachanga na kuwafanyia jaribio ambalo hata leo hustahili taadhima kwa uchache wa vyombo vyake na ubora wa fikira zake. Wale aliowahasi kabisa walikua wapole, undu ukabaki mdogo, hawakuwika kwa kishindo, hawakupigana wala kuwaandama makoo. Wengine aliwaondolea korodani mahali pake akaipandikiza tumboni, kati ya matumbo, nao wakawa majogoo kamili, wenye undu mwekundu, sauti kubwa na ari ya vita. Alipowapasua alikuta kuwa korodani ile ilikuwa imeshikwa na mishipa mipya ya damu, bali ile neva yake ya zamani haikuwapo. Akahukumu kuwa kitu fulani hutoka humo, huingia damuni, na damu hukisafirisha mpaka kikaufikia mwili wote. Zaidi ya nusu karne ilipita kabla ya Mwingereza Ernest Starling kuvipa vitu vya jinsi hiyo, mwaka 1905, jina la homoni.

Leo safari hiyo yajulikana hatua kwa hatua. Chini ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, zipo seli chache za neva ambazo hutoa kwa vipindi homoni ya kuiamsha tezi ya pituitari, iliyo kadiri ya punje ya njegere. Pituitari nayo hutuma homoni zake kwenye korodani au ovari, ambazo hutoa testosteroni na estrojeni. Na hizi, kwa kuwa asili yake ni ya mafuta, hupenya utando wa seli bila ya kizuizi, hurejea ubongoni ilikotoka amri ya kwanza, na huko huziwasha au kuzizima jeni. Njia nyingine inayofanana na hiyo huanzia papo hapo katika haipothalamasi na kuishia katika tezi zilizokaa juu ya figo, zinazotoa kotisoli, homoni ya dhiki, ambayo humpa kiumbe nguvu ya kukimbia au kupambana kwa kufungua akiba ya sukari na kuahirisha mambo yasiyo na haraka, kama vile kukua na kuzaa. Kwa saa moja ya hatari hiyo ni rehema. Kwa miaka ya mashaka yasiyokoma, rehema hiyo hiyo huwa maradhi.

Asiyetazama zaidi ya hapo atadhani kuwa homoni ni sultani na tabia ni raia wake. Basi na atazame katika vidimbwi vya kina kifupi vilivyo pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, ambamo huishi samaki mdogo ambaye wataalamu humwita Astatotilapia burtoni. Madume wachache miongoni mwa samaki hawa hushika milki ya ardhi ya chini ya maji, nao hung'aa kwa rangi ya buluu au manjano, wana mstari mweusi unaopita jichoni, huwafukuza wapinzani na kuwabembeleza majike. Madume wengine, walio wengi, hupauka, huogelea pamoja na majike na hujizuia kushindana. Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyewachunguza samaki hawa kwa miongo mingi, aliona pamoja na wanafunzi wake kwamba mwenye milki akiondolewa, dume mnyonge aliye karibu huitambua nafasi hiyo na kugeuka rangi kwa muda wa dakika chache, akaanza kutembea kwa madaha ya mwenye mji. Lakini lililo kubwa zaidi limo ndani ya fuvu: zile seli za haipothalamasi ziiamshazo pituitari ni kubwa mara kadhaa katika dume mwenye milki kuliko katika dume mnyonge, na cheo kikipanda, seli hupanuka, korodani zikakomaa, cheo kikianguka, seli hunywea. Mwaka 2005 watafiti hao walionyesha kuwa dakika 20 tu baada ya taa za maabara kuwashwa asubuhi na mnyonge kuona kwamba bwana wake hayupo, jeni katika sehemu hiyo ya ubongo ilikuwa imekwisha kuamka. Hapana homoni iliyomtangulia samaki huyo kumwambia ajione mkubwa. Aliona kwa macho kuwa kiti ki wazi, na mwili ukafuata.

Kutoka samaki hadi nyani ni masafa marefu, lakini habari ni ile ile, nayo huzidi uzito kadiri ubongo unavyozidi ukubwa. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyeanza kazi yake Kenya, katika Maasai Mara, mwaka 1978, alikuwa akiwalaza nyani kwa mshale mdogo wa dawa ya usingizi uliopulizwa kwa mrija, pasipo wao kujua, ili apate kuchukua damu yao kabla ya woga kuivuruga. Aliona kuwa pale daraja za kundi zinapotulia, madume wa chini, ambao huonewa pasipo sababu na hunyang'anywa chakula kilicho tayari kinywani, wana kotisoli nyingi hata katika saa za mapumziko. Na daraja zinapotikisika, adha huhamia kwa wale wa juu wanaopigania mahali pao. Baadaye, mwaka 2011, watafiti wa Amboseli, chini ya Kilimanjaro, ambako nyani wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1971, walichapisha vipimo vya kinyesi cha madume 125 vilivyokusanywa kwa miaka tisa, vikaonyesha kuwa dume wa kwanza katika kundi ana homoni ya dhiki nyingi kuliko yule wa pili. Enzi nayo ina kodi yake, na kodi hiyo hulipwa kwa mwili.

Hata hivyo, katika yote niliyosoma kuhusu nyani, hakuna linalonishughulisha zaidi ya msiba wa kundi moja la Mara. Katikati ya miaka ya 1980 madume wakali wa kundi hilo walizoea kwenda kila asubuhi katika jalala la hoteli ya watalii kupigana na nyani wa jirani wakigombea mabaki. Huko walikula nyama yenye kifua kikuu, wakafa, nao walikuwa karibu nusu ya madume wote wa kundi. Wapole, ambao hawakuwa na tamaa ya vita hivyo, walibaki pamoja na majike. Kundi likatulia: wakubwa waliacha kuwaonea wadogo kupita kiasi, na nyani walikaa karibu karibu wakichambuana manyoya. Yote hayo yangeweza kuhesabiwa kuwa bahati ya damu za waliobaki, lau si jambo moja: dume wa nyani, akipevuka, huhama alikozaliwa. Miaka kumi baadaye madume wa zamani wote walikuwa wamekwisha kwenda zao au kufa, na waliokuwapo walikuwa wageni waliokulia katika makundi ya ukali wa kawaida. Na bado desturi ya upole ilidumu, na madume wa chini hawakuwa na zile alama za dhiki zinazoonekana kwa wenzao wa makundi mengine. Wageni waliletwa na miguu yao wakiwa na damu ya kwao. Wakapokewa kwa namna nyingine, hasa na majike, na hiyo damu ikajifunza.

Kwa binadamu tunapaswa kusema kwa hadhari, kwa kuwa hatuwezi kumtendea mtu kama Berthold alivyowatendea majogoo. Lakini hapa Tanzania, watafiti walipima testosteroni katika mate ya wanaume wa jamii mbili zinazokaribiana kwa mahali na kuachana kwa desturi, wakatoa habari zao mwaka 2009. Miongoni mwa Wahadza wa upande wa Ziwa Eyasi, ambako baba hulala na mwanawe, humbeba na humlisha, wenye watoto walikuwa na homoni hiyo pungufu kuliko wasio nao. Miongoni mwa Wadatoga, wafugaji ambao kwao malezi ya mtoto mchanga ni kazi ya mama, tofauti hiyo haikuonekana. Kuzaa peke yake, basi, hakukutosha kuibadili damu.

Mpinzani aweza kusema, na ni haki yake, kuwa huenda wenye testosteroni pungufu ndio hupenda kulea. Swali hilo lilijibiwa katika mji wa Cebu, Ufilipino, ambako wanaume 624 walipimwa mwaka 2005 wakiwa vijana, wakapimwa tena mwaka 2009, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Wale waliokuwa na testosteroni nyingi mwanzoni ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kupata wake na watoto. Na walipokwisha kuwa baba, homoni hiyo ilishuka kwao kuliko kwa waliobaki wapweke. Nao waliotumia saa tatu au zaidi kila siku kumwogesha mtoto, kumlisha na kucheza naye walikuwa na testosteroni pungufu kuliko baba ambao hawakushiriki malezi.